Hinoeuma: Mwaka ambao Wajapani waliogopa kuzaa

Nilipokuwa mtoto, nyanya hakuturuhusu kupiga mluzi usiku. “Mtaita kamba ndani ya nyumba!” alitukemea. Kamba hapo ni nyoka, maana jina lake halisi halikutajwa baada ya jua kutua. Miaka mingi baadaye nilipata kujua kwamba watoto wa Japani nao huonywa vivyo hivyo: ukipiga mluzi usiku, nyoka atakuja.

Wajapani, kama sisi, huyaogopa maneno. Kwao nne huitwa ‘shi’, na kifo pia ni ‘shi’. Kwa sababu hiyo, baadhi ya hospitali na hoteli hazina chumba nambari 4, na mara nyingi watu huona heri waseme ‘yon’. Tisa ni ‘ku’, nayo mateso ni ‘ku’. Mtu anaweza kuyacheka haya akaendelea na shughuli zake. Lakini ipo imani moja ya Kijapani ambayo haichekeshi hata kidogo, kwa kuwa athari yake imeandikwa katika takwimu za serikali.

Imani hiyo inaitwa Hinoeuma. Hebu tulipasue neno lenyewe, mpenzi msomaji. ‘Hi’ ni moto, ‘no’ hufanya kazi inayokaribia ya -a unganifu yetu, ‘e’ ni kaka mkubwa, na ‘uma’ ni farasi. Kwetu uma ni chombo cha kulia au kitenzi cha maumivu, na tutaona kwamba farasi huyu aliuma kwelikweli. Kalenda ya kale iliyotoka China ina asili tano, kila moja ikiwa na kaka na mdogo wake, jumla kumi. Kumi hizo huzunguka sambamba na wanyama 12. Basi farasi na kaka wa moto hukutana mara moja tu kila miaka 60.

Imani ilisema kwamba mwanamke aliyezaliwa mwaka huo ana hasira kama moto na atamuua mumewe. Aghalabu huhusishwa na kisa cha Oshichi, binti wa muuza mboga wa Edo, jiji tunaloliita Tokyo leo. Moto ulipowafukuza kwao, familia yake ilijihifadhi hekaluni, na huko Oshichi akampenda kijana mmoja. Inasimuliwa kwamba baadaye aliwasha moto kwa tamaa ya kumwona tena. Mnamo 1683 akauawa kwa kuchomwa. Watu wakadai alizaliwa 1666, mwaka wa Hinoeuma, na tangu hapo kosa la msichana mmoja likawa hukumu ya wasichana wote wa mwaka wake.

Mwaka huo ulipofika tena mnamo 1906, baadhi ya wazazi walidanganya kwenye sajili, wakaandika kwamba binti zao walizaliwa 1905 au 1907. Wale walioandikiwa mwaka wao halisi walikuja kupata taabu ya kuposwa. Ni katika zama hizo hizo mwanafalsafa Inoue Enryo (1858–1919) alikuwa akizunguka nchini akihutubia watu dhidi ya ushirikina. Walimsikiliza, lakini wachumba waliendelea kuulizwa mwaka wa kuzaliwa.

Sasa tufike 1966. Japani ilikuwa imeandaa michezo ya Olimpiki miaka miwili tu kabla, na treni yake ilikuwa ya kasi kuliko zote duniani. Watu wamesoma, viwanda vinanguruma. Nani angetarajia farasi wa kalenda kuwatisha? Mwaka 1965 watoto milioni 1.82 walizaliwa. Mwaka 1966 wakazaliwa milioni 1.36. Mwaka 1967 idadi ikaruka hadi milioni 1.94. Kwa mwaka mmoja, bila vita wala njaa, zaidi ya watoto 460,000 walipungua, takribani robo nzima. Tofauti na 1906, safari hii wazazi hawakuhitaji kudanganya karani. Walikuwa na njia za kupanga uzazi, na uavyaji mimba ulikuwa umehalalishwa tangu 1948. Maendeleo yale yale tunayodhani huua ushirikina ndiyo yaliyoupa nyenzo.

Je, wazazi wote hao waliamini kwamba binti yao angeua mume? Sidhani. Ilitosha kuhofu kwamba mama mkwe anaamini, au kwamba miaka 20 baadaye familia ya mchumba itaamini. Wahenga wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ushirikina huweza kudumu bila waumini wengi, mradi kila mtu anamshuku jirani yake kuwa muumini.

Na wasichana waliozaliwa licha ya yote? Mmoja wao, Kiko, aliolewa na mwana wa Mfalme wa Japani mwaka 1990. Mumewe yu hai na ndiye mrithi wa kiti hicho. Mwaka 2006 Kiko alijifungua mtoto wa kiume, wa kwanza katika ukoo huo kwa zaidi ya miaka 40.

Farasi wa moto amezunguka tena, mwaka 2026. Safari hii anaikuta Japani ambayo watoto wake waliozaliwa mwaka 2024 hawakufika hata 700,000, kwa sababu za ajira, gharama na ndoa za kuchelewa zisizohusiana na kalenda.

Tusiwacheke lakini. Kamusi zetu bado zina neno ‘kigego’, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, ambaye zamani alihesabiwa kuwa mkosi na aliweza kuuawa. Na ni wanawake wangapi hapa kwetu wanaoitwa wenye kisirani kwa sababu tu waume wao walitangulia kufa?

Mimi mwenyewe, pamoja na shahada zangu, sipigi mluzi usiku. Ukiniuliza, nitakuambia siamini ati nyoka atakuja; nachelea tu majirani watasema nini. Nadhani wazazi wengi wa 1966 wangelielewa jibu hilo.