Hata Iyengar Alianza na Mwili Mgumu

Sababu ninayoisikia zaidi kwa watu wa rika letu wakikataa yoga ni hii: "Mimi mwili wangu ni mgumu, siwezi." Ya pili ni kuchekwa. Unaona wale wa Instagram wamejikunja kama chapati, unajiambia wacha nikae zangu. Sawa, lakini hebu tuangalie historia kidogo, juu yoga hii tunayoijua leo imepita mikononi mwa watu ambao hawangepita mtihani huo wa Instagram.

Chukua B.K.S. Iyengar. Alizaliwa 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa India, mwaka ule wa homa ya mafua iliyoua mamilioni duniani. Utotoni akapigwa na malaria, homa ya matumbo, halafu kifua kikuu. Mwaka wa 1934, akiwa na miaka 15, alienda kukaa Mysore kwa shemeji yake, Krishnamacharya, mwalimu wa yoga aliyefadhiliwa na Maharaja wa huko. Kijana akiinama mbele, mikono iliishia magotini. Magotini! Shemeji akamwona hana maana, akampuuza.

Halafu mwanafunzi hodari wa Krishnamacharya akatoroka, na maonyesho yako karibu. Ghafla yule wa kupuuzwa ndiye aliyebaki. Iyengar alisimulia baadaye kwamba siku moja, mbele ya watu, aliamriwa akae chini miguu ikiwa imenyooka kabisa, mmoja mbele, mwingine nyuma. Akajitetea kwamba kaptura inambana. Shemeji akaagiza mkasi, kaptura ikakatwa. Alilifanya lile pozi, misuli ya nyuma ya paja ikachanika, na kutembea kukawa shida kwa muda mrefu.

Kwa hivyo ukiniambia unaogopa darasa la yoga, siwezi kukuita mwoga. Kuna mwalimu wa kuogopwa kweli: yule anayekusukuma mpaka uumie ndiyo watu wapige makofi. Huyo mkimbie mapema. Lakini uoga wa kuwa mgumu katikati ya watu laini? Huo ni mwingine kabisa.

Mwaka wa 1937 Iyengar alitumwa Pune kufundisha. Miaka 18, elimu kidogo, na wanafunzi wengine wamemzidi umri na nguvu za mwili. Alikuwa akijifunza huku akifundisha, akijaribu kila kitu kwanza kwa mwili wake mwenyewe ulioumia. Kwa miaka mingi akakusanya vifaa vya kumsaidia mtu asiyefika: mikanda, viti, blanketi, kamba za ukutani, matofali ya mbao. Vile vibao unavyoona vimepangwa kwa kona ya darasa, ambavyo watu wanaona aibu kuchukua, vilienea duniani hasa kupitia kwake. Yaani tunaona haya kutumia vitu vilivyotengenezwa kwa ajili yetu.

Kitabu chake *Light on Yoga* kilitoka 1966, kikiwa na picha zake karibu 600. Picha nzuri, ndiyo, lakini ni za mtu aliyekwisha fika. Yale magoti ya 1934 hayamo.

Tena si yeye pekee. Mwanamke mmoja aliyezaliwa Riga 1899, ambaye dunia ilimjua kama Indra Devi, alimwendea Krishnamacharya huyo huyo akiwa anakaribia miaka 40. Akakataliwa: ni mwanamke, tena mgeni. Ilibidi Maharaja aingilie kati ndipo akapokelewa, na hata hapo akapewa masharti makali ya chakula na ratiba. Hakutoka. Baadaye alifungua studio yake Hollywood, waigizaji wakubwa wa filamu wakawa wanafunzi wake. Alifariki 2002, Buenos Aires, akiwa na miaka 102.

Na wewe wa miaka 22 unaniambia mwili umeshakauka.