Pombe na ndoa baada ya kuzaliwa mtoto

Pombe na ndoa baada ya kuzaliwa mtoto ni suala la afya ya jamii na la sheria. Linahusu jinsi unywaji wa mmoja wa wenzi, au wa wote wawili, unavyobadilisha uhusiano wao katika miezi ya kwanza ya malezi. Makala hii inahusu hasa Tanzania.

Fedha na kazi za nyumbani

Zagayu ni kata ya mkoa wa Simiyu, ambao ni maarufu kwa kilimo cha pamba. Mkulima wa pamba hupata fedha nyingi kwa mkupuo wakati wa msimu wa ununuzi, kisha husubiri mwaka mzima. Mtoto akizaliwa karibu na msimu huo, fedha zilezile zinatakiwa kwa nauli ya kliniki, sabuni, chakula cha mzazi, na kilabuni pia. Ugomvi mara nyingi hauhusu pombe yenyewe, bali kilichotumika na usiku ambao mama alibaki peke yake na mtoto anayelia. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya bei nafuu katika vifuko vya plastiki.

Kunyonyesha

Katika jamii nyingi huaminiwa kwamba pombe ya kienyeji huongeza maziwa, na pengine mume au wakwe ndio wanaomhimiza mama anywe. Kwa kweli pombe hupunguza homoni ya oksitosini inayosukuma maziwa yatoke, na mtoto hunyonya kidogo zaidi. Kiwango cha pombe katika maziwa hufuata kile cha damu. Kinywaji kimoja cha kawaida huhitaji saa 2 hadi 3 kuisha mwilini. Kukamua na kumwaga maziwa hakuharakishi. Mzazi aliyelewa, awe baba au mama, hapaswi kulala kitanda kimoja na mtoto mchanga, kwa sababu anaweza kumlalia bila kujua.

Ukatili

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba asilimia 41 ya wanawake wa Dar es Salaam waliowahi kuwa na mwenzi, na asilimia 56 wa Mbeya, walifanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi. Ulevi wa mume huongeza hatari hiyo, ingawa si chanzo pekee: wako wanaopiga bila kunywa.

Sheria

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mwenzi kumpiga mwenzake. Kwa kawaida shauri la talaka hupita kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa. Aliyepigwa anaweza kwenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, au kumwona afisa ustawi wa jamii.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84 na baba siku 3. Inawahusu walioajiriwa, mkulima wa Zagayu hana likizo ya aina hiyo.