Leso Sita na Sindano: Nguo za Kuungaunga Pwani ya Afrika Mashariki

Nguo ya ng'ambo ilipofika pwani ya Afrika Mashariki haikuhesabiwa kuwa imekwisha kazi. Ilifumuliwa, ikakatwa, ikaungwa na nyingine, ikatiwa ukingo au kupigwa chapa, ndipo ikavaliwa. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika katika miaka ya 1510, aliwataja Waislamu wa Sofala, katika Msumbiji ya leo, waliofuma nguo nyeupe za pamba lakini hawakuwa na namna ya kuzitia rangi. Walinunua nguo za buluu zilizotoka Cambay, huko Gujarat, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakafuma upya kwa kuchanganya ule wa buluu na mweupe wao. Barbosa aliliona hilo kuwa dawa ya upungufu. Lakini nguo ya Cambay ilikuwa mali, na mwenye mali haifumui kwa sababu ya shida tu. Aliyefanya hivyo alikuwa na nguo nyingine kichwani mwake, ambayo hakuna jahazi lililokuwa likiileta.

Tabia hiyo haikuishia Sofala. Unguja palikuwa na kazi ya taraza, yaani ukingo mwembamba wa hariri uliofumwa pembezoni mwa vilemba na shuka zilizonunuliwa tayari. Fundi hakuigusa nguo yenyewe. Aliuongeza ukingo, na bei ya nguo ikapanda pamoja na heshima ya mvaaji. Kofia za viua za Unguja, Lamu na Ngazija ni za ukoo huohuo. Kitambaa cheupe cha dukani hukatwa vipande viwili, kifuniko cha duara na ukanda wa kuzunguka kichwa. Huchorwa nakshi, hutobolewa vitundu vidogo kwa mamia, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano ili kisifumuke. Kofia moja huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kwa kuwa hushonwa barazani au chumbani katikati ya shughuli nyingine za nyumba. Mshonaji mzuri hujulikana kwa upande wa ndani wa kofia, ambao haupaswi kuonyesha fundo.

Karne ya 19 ilibadili kiasi cha nguo. Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakaijaza Unguja nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, iliyokuja kuitwa merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata njia hiyo, na viwanda vya Uingereza na India vikaingia katika nafasi yake. Merikani na kaniki, ile ya buluu iliyokoza, zilikuwa nguo za watumwa na maskini. Hazikuwa na ua wala mstari, na hapo ndipo mkono wa nyumbani ulipopata pa kuanzia.

Njia mojawapo ilikuwa chapa. Kupiga chapa nguo kwa vibao vya mti ni ufundi wa kale wa Gujarat. Vipande vya nguo za huko vilivyopigwa chapa hivyo karne nyingi zilizopita vimefukuliwa Fustat nchini Misri. Kibao huchongwa ua, huchovywa rangi, kisha hugongwa juu ya nguo iliyotandazwa. Kila rangi ina kibao chake, na mkono ukiteleza kidogo rangi ya pili huangukia nje ya mistari ya kwanza. Unguja nako, mwishoni mwa karne ya 19, nguo nyeupe zilipigwa chapa kwa mkono. Kuna kanga za leo ambazo sura yake bado inafanana na kazi ya kibao: kisutu, kanga ya arusi ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, imejaa vijiua vidogo vinavyojirudia kwa mpangilio uleule, jinsi mtu angegonga kibao kimoja mara mia.

Njia ya pili ndiyo iliyokumbukwa zaidi. Leso za mkononi zilizotiwa rangi viwandani Ulaya ziliuzwa zikiwa hazijakatwa, moja imefuatana na nyingine katika mtando mrefu. Kwa mapokeo ya pwani, yapata miaka ya 1870 na 1880, wanawake walinunua mtando wa leso sita, wakaukata katikati kupata vipande viwili vya leso tatu tatu, kisha wakavishona ubavu kwa ubavu. Ilipatikana nguo moja pana ya kutosha kujifunga kifuani. Waliotaka kupambana kwa mavazi walinunua leso za aina mbalimbali na kuzichanganya, hivyo nguo zao hazikupatikana kwa mtu mwingine. Gharama ya ziada ilikuwa uzi na jioni chache. Mshono ulionekana, na pindo za leso sita zilikatiza katikati ya nguo kama vichochoro vya mtaa, jambo ambalo wenye nguo hawakuona haja ya kulificha.

Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja na Mombasa walikuwa karibu vya kutosha kuona kilichonunuliwa na kilichofanywa baada ya kununuliwa. Waliagiza nguo iliyochapwa nzima, ya upana uleule, isiyohitaji kuungwa, ambayo ndiyo kanga. Viwanda vya Manchester vilichapa, na Uholanzi vilevile, kikiwemo kile cha Helmond kilichoanzishwa 1846 na sasa kinajulikana kama Vlisco. Katika nguo ya kiwandani pindo za ndani zilitoweka. Ikabaki pindo moja ya kuizunguka nguo yote, na uwanja wa katikati ukawa kile kiitwacho mji. Inaelekea umbo la kanga limetokana na mshono huo kuliko na mchoraji yeyote wa Ulaya, ingawa mchoraji ndiye aliyelipwa.

Baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake walioachwa huru waliiacha kaniki na kuvaa kanga, na mahitaji yakaongezeka upesi. Maneno yaliingia juu ya pindo ya chini, kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lilijulikana kwa kutia maneno hayo, yaitwayo jina la nguo, na kwa alama yake ya Mali ya Abdulla. Uchapaji ulihamia India na Japani. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa Dar es Salaam.

Sindano haikustaafu kwa sababu hiyo. Cherehani ilipoenea, kazi nyingi za ushonaji wa nguo za nje zilikwenda kwa mafundi wa barazani, ambao kwa kawaida ni wanaume, na kazi za mkono zikabaki kwa wanawake nyumbani: mashuka ya kudarizi, foronya, vitambaa vya meza na vya makochi. Vyama vya wanawake viliziendeleza kama masomo. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa Kenya mwaka 1952, na Umoja wa Wanawake wa Tanganyika mwaka 1962. Mafunzo hayo yalileta mishono mingi ya kigeni, yakaupa usafi wa kazi nafasi kubwa kuliko ubunifu, na baadhi ya vitambaa vya wakati huo vinafanana mno kuanzia nyumba hadi nyumba.

Kanga yenyewe bado huuzwa ikiwa haijakatwa, doti ya vipande viwili vilivyoungana. Mnunuzi huikata na kuikunga pindo mwenyewe au kumpelekea fundi. Kipande kimoja hufungwa kiunoni, cha pili hutupwa mabegani. Kikichakaa hukatwa nepi au mbeleko, na vipande vyenye ua zuri huunganishwa na vya kanga nyingine kuwa foronya, mito au mfuniko wa kitanda cha mtoto.