Taa ya Finsen, Leza ya Mester

Mwishoni mwa karne ya 19, kifua kikuu hakikuishia mapafuni. Kilishambulia hata ngozi ya uso, kikala pua na mashavu mpaka wagonjwa wakawa wanajificha majumbani. Madaktari wa Ulaya walivikwangua vidonda hivyo na kuvichoma, navyo vikarudi.

Niels Ryberg Finsen, aliyezaliwa Visiwa vya Faroe mwaka 1860, alijaribu mwanga. Novemba 1895, katika kituo cha umeme cha Copenhagen, alianza kumulika uso wa mhandisi mmoja aliyekwisha kuteseka kwa miaka minane. Ngozi ikapona. Mwaka uliofuata taasisi yake ilifunguliwa.

Huko, taa moja ilihudumia wagonjwa wanne kwa pamoja. Juu uliwaka mwali mkali wa umeme baina ya vijiti viwili vya kaboni. Chini yake ilishuka mirija minne yenye lenzi za kwatzi na maji ya kupunguza joto. Muuguzi alikandamiza kidonda kwa kipande cha kwatzi ili damu isogee pembeni na mwanga upenye, na kazi hiyo ilirudiwa siku baada ya siku.

Finsen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903, akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 43. Aliamini kuwa miale ya urujuanimno ndiyo iliyoua vijidudu. Mwaka 2005 watafiti wa Denmark walipima vifaa vyake, wakakuta lenzi zilizuia miale mikali ya aina hiyo. Yaelekea mwanga uliopita uliamsha kemikali zilizomo ndani ya bakteria wenyewe, zikawaua.

Dawa za kifua kikuu zilipopatikana, taa hizo zikawekwa kando.

Mwanga wa aina nyingine ulijaribiwa mwaka 1967 mjini Budapest, daktari Endre Mester alipotaka kujua kama leza huleta saratani. Aliwanyoa panya, akawamulika kwa leza hafifu ya yakuti. Saratani haikutokea; badala yake manyoya yaliota upesi kuliko kwa panya wasiomulikwa. Akageukia vidonda, kisha wagonjwa wenye vidonda sugu.

Watafiti wengi hueleza kwamba mwanga mwekundu, kama wa leza hiyo, hunaswa na kimeng'enya cha mitokondria, na seli hupata nguvu zaidi ya kujigawa na kutengeneza kolajeni. Leo miongozo ya kimataifa inapendekeza leza hafifu kukinga vidonda vya kinywani kwa baadhi ya wagonjwa wanaotibiwa saratani. Kwa vidonda vya miguu vya kisukari, matokeo bado yanatofautiana. Mwenye kidonda kisichofunga aanzie hospitali kabla ya kununua taa nyekundu mtandaoni.