Denmark Street: Ukuta umelindwa, duka la gitaa lajitafutia

Mwaka 2024 kampuni ya Sam Ash ya Marekani ilifunga maduka yake yote ya ala za muziki, miaka 100 tangu familia ya Ash ifungue duka la kwanza Brooklyn, New York. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Uingereza. GAK, duka kubwa la mji wa Brighton, likafunga milango, na miezi michache baadaye PMT, iliyokuwa na matawi katika miji mingi ya nchi hiyo, nayo ikaanguka. Hao walikuwa wakubwa, wenye maghala na tovuti. Sasa yule mwenye chumba kimoja, gitaa zimening'inia ukutani na fundi mmoja amejikunyata chumba cha nyuma, anaishije?

Swali hilo lina mtaa wake. Unaitwa Denmark Street, uko katikati ya London, ukichepuka kutoka Charing Cross Road. Ni kimtaa kifupi, ukitembea bila haraka unakimaliza kwa dakika mbili. Kwa zaidi ya miaka 40 mpiga gitaa aliyefika London, awe nyota au mwanafunzi mwenye nauli ya kurudia nyumbani tu, alipita hapo. Dola imeulinda mtaa huu kwa sheria. Kilicholindwa ni nini hasa, hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nyumba zake za kwanza zilijengwa mwishoni mwa karne ya 17, na jina likatokana na George wa Denmark, mume wa Malkia Anne. Eneo la St Giles linalouzunguka lilisifika kwa umaskini kwa muda mrefu. Muziki uliingia mwaka 1911, mchapishaji wa nyimbo Lawrence Wright alipohamishia hapo biashara yake. Mwaka 1926 Wright akaanzisha gazeti la Melody Maker. Mwaka 1952 gazeti jingine, NME, lililokuwa na ofisi jengo namba 5, likachapisha orodha ya kwanza ya Uingereza ya sahani za santuri zinazouzwa zaidi. Bidhaa ya mtaa siku zile ilikuwa karatasi. Mtunzi alipanda ngazi, akakaa kwenye piano, akapiga wimbo wake mbele ya mchapishaji, na ukikubalika ukachapwa ukauzwa kwa waliotaka kuupiga majumbani mwao.

Kisha wakaja vijana waliojitungia nyimbo zao, The Beatles wakiwa mbele, na mchapishaji akapungukiwa na kazi. The Rolling Stones walirekodi albamu yao ya kwanza mwaka 1964 katika jengo namba 4, studio ya Regent Sound, chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi. Elton John aliwahi kuwa tarishi katika ofisi ya mchapishaji mtaani hapo. Hayo yanajulikana, na kila kitabu cha watalii kinayo.

Kisichosemwa sana ni nani aliyeziba nafasi ya wachapishaji walipohama. Mwandishi Peter Watts, aliyetoa kitabu kizima kuhusu Denmark Street mwaka 2023, anawapa wauza gitaa heshima yao, nami namuunga mkono. Familia ya Macari, yenye asili ya Italia, ilikuwa na maduka mtaani hapo na Charing Cross Road. Mwaka 1965 Gary Hurst, fundi aliyefanya nao kazi, alitengeneza Tone Bender, kijisanduku cha kukanyagia kinachoifanya sauti ya gitaa la umeme ikwaruze na kuvuma, na wapiga gitaa wakubwa wa Uingereza wakakigombania. Mwaka 1978 likaja duka la Andy's, lililoanza kama karakana ya kutengeneza gitaa. Mtu aliingia na gitaa lililopinda shingo, akatoka nalo likiwa limenyooka, na njiani akanunua nyuzi. Taratibu vyumba vya chini vya karibu mtaa mzima vikawa vya gitaa, mpya na za mtumba, pamoja na amplifaya zilizokwisha kupigwa na mikono mitatu minne.

Duka la aina hii si mahali pa kununulia tu. Gitaa mbili za chapa moja, zilizotoka kiwandani siku moja, hazilii sawa. Ubao mmoja mzito, mwingine mwepesi, shingo moja inaukubali mkono wako na nyingine inaukataa. Lazima ushike, ukae, upige. Muuzaji akikusikia atakwambia nyuzi zako ziko juu mno au unabonyeza kwa nguvu bila sababu. Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kulipima hili kwa historia yetu wenyewe. Katika bendi zetu za taasisi, NUTA Jazz na Polisi Jazz zikiwa miongoni mwao, vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mpiga solo akihama bendi aliliacha gitaa nyuma, akaenda mikono mitupu. Enzi za uhaba wa fedha za kigeni uzi ukikatika watu walifunga waya wa breki ya baiskeli, na ngoma ikaendelea hadi majogoo. Aliyekulia katika hali hiyo anajua thamani ya mtaa ambao kila mlango unauza nyuzi, na mpigaji yeyote anaruhusiwa kulijaribu gitaa ambalo hana fedha ya kulinunua.

Tatizo ni hesabu. Gitaa jipya la chapa kubwa halimwachii mwenye duka faida kubwa, na mtengenezaji anamtaka aweke oda nzito ili aruhusiwe kuliuza. Mkate wake unatoka kwenye nyuzi, matengenezo na gitaa la mtumba. Halafu yupo mteja anayeshika gitaa saa nzima, anamuuliza muuzaji maswali kumi, kisha anasimama nje ya mlango na kuagiza kwa simu kutoka Thomann, duka lililoanzishwa mwaka 1954 katika kijiji cha Treppendorf, jimbo la Bavaria, Ujerumani, na ambalo leo linatuma mizigo pande zote za dunia. Mwenye duka amelipa pango, umeme na mshahara wa yule aliyejibu maswali kumi. Aliyeuza gitaa yuko kijijini Bavaria.

Mwaka 2017 likaongezeka jingine. Kuanzia Januari 2, mkataba wa kimataifa wa CITES uliweka chini ya vibali miti yote ya jenasi Dalbergia ambayo ilikuwa bado nje ya orodha, mpingo wetu ukiwemo. Mbao za jamii hiyo ndizo zilizotumika kwenye ubao wa juu ya shingo na migongo ya gitaa nyingi za zamani. Muuzaji mdogo aliyezoea kumfungashia mteja wa ng'ambo gitaa la mtumba sasa alihitaji karatasi ya kuruhusu safari yake. Nia ilikuwa njema, misitu inateketea, na mimi si wa kuipinga. Lakini kiwanda kina mwanasheria wa kushughulikia vibali, na duka la chumba kimoja halina. Ala zilizokamilika ziliondolewa kwenye sharti hilo Novemba 2019, karibu miaka mitatu baadaye.

Januari 2020 mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliitoza Fender faini ya pauni milioni 4.5 kwa kuwazuia wauzaji wa mtandaoni, kati ya mwaka 2013 na 2018, wasishushe bei ya gitaa zake chini ya kiwango ilichokitaka. Kisheria kosa lilikuwa wazi, na mnunuzi ndiye aliyeumia. Hata hivyo naona pia upande wa pili: bei inaposhuka bila sakafu, wa kwanza kuzama ni yule asiye na ghala.

Ndipo tunafika kwenye michoro ya ukutani, kwa sababu Denmark Street ilipata umaarufu mpya wakati maduka yake yakihangaika, na umaarufu huo haukutokana na gitaa hata moja.

Nyuma ya jengo namba 6 kuna kibanda cha ghorofa mbili cha karne ya 19. Katikati ya miaka ya 1970 Malcolm McLaren, meneja wa bendi ya punk ya Sex Pistols, alikichukua kiwe mahali pa kufanyia mazoezi, na Steve Jones na Glen Matlock wa bendi hiyo wakaishi humo. Walirekodi humo nyimbo za majaribio mwaka 1976. Kuta zilichorwa vikatuni, vingi kwa mkono wa mwimbaji John Lydon: amejichora mwenyewe, amemchora McLaren, na Nancy Spungen, mpenzi wa Sid Vicious wa bendi hiyohiyo, naye yumo. Ni michoro ya kejeli, ya haraka, mingine ya matusi. Baadaye wasichana wa kundi la Bananarama waliishi humo humo, na michoro ikabaki.

Mwaka 2011 wanaakiolojia wawili, Paul Graves-Brown na John Schofield, waliandika kuihusu katika jarida la Antiquity, linaloheshimika kwa makaburi ya kale na miji iliyofukiwa. Walikumbusha kwamba magazeti yaliwahi kuziita rekodi za zamani za Beatles zilizopatikana BBC ugunduzi mkubwa wa kiakiolojia kuliko wowote tangu kaburi la Tutankhamun, kisha wakasema kwamba kwao michoro hii inaupita ugunduzi huo. Kelele zikapigwa. Waliozoea mawe ya Warumi waliona dhihaka. Mashabiki wa punk nao hawakuwa na kauli moja, maana Sex Pistols walipata jina kwa kuitukana dola, na sasa dola ileile ilikuwa ikiombwa iweke mkono wake juu ya ukuta wao. Wanaakiolojia wenyewe waliuona mgongano huo na hawakuuficha.

Dola ikaitikia. Machi 2016 majengo namba 6 na 7 yalipandishwa hadi daraja la pili lenye nyota, ngazi ya ulinzi inayopewa majengo machache ya Uingereza, na michoro ikatajwa miongoni mwa sababu. Novemba mwaka huohuo Joe Corré, mwana wa McLaren na mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood, alipanda mashua kwenye mto Thames na kuchoma moto mavazi na kumbukumbu za punk alizosema zina thamani ya pauni milioni 5. Alikuwa akipinga sherehe za kutimiza miaka 40 ya muziki huo. Mmoja analinda ukuta kwa sheria, mwingine anateketeza sanduku la urithi mtoni, na wote wawili wanajiona watetezi wa punk.

Nimeusoma ugomvi huo kwa hamu, na ninaamini michoro ilistahili kulindwa. Ila katika kelele zote hizo sikuona aliyeuliza pango la duka la gitaa ni kiasi gani. Sheria ya majengo ya kale inakataza kubomoa ukuta, kubadili dirisha, kung'oa ngazi. Haimzuii mwenye nyumba kupandisha kodi. Kwa macho ya sheria hiyo, nyumba ikihifadhiwa na fundi akiondoka, hakuna kilichopotea.

Mji ulikuwa umeshaanza kubadilika. Ukumbi wa Astoria, hatua chache kutoka mtaani, ulifungwa mwaka 2009 ukabomolewa kupisha reli mpya ya chini ya ardhi. Januari 2015 ikafuata 12 Bar Club, ukumbi mdogo uliokuwa ndani ya kiwanda cha mhunzi cha karne ya 17, ambako mwimbaji Jeff Buckley alipiga mwaka 1994. Maelfu walisaini kupinga, na kundi la vijana likaingia na kulala humo hadi walipotolewa mwezi uliofuata. Kiwanda chenyewe hakikubomolewa, kwa kuwa kinalindwa: kilinyanyuliwa kizima, kikawekwa kando shimo lichimbwe, kisha kikarudishwa mahali pake.

Reli ilifunguliwa Mei 2022. Mwaka huo ukafunguliwa pia mradi wa Outernet, wenye skrini ndefu kama majumba, na hoteli ya Chateau Denmark iliyotawanyika katika nyumba za mtaa. Kibanda cha Sex Pistols ni sehemu ya hoteli hiyo. Michoro ya Lydon iko palepale, na mgeni mwenye uwezo anaweza kulala mbele yake. Familia ya Macari ilikwishaondoka London ikahamia Sussex. Mwaka 2024 Gibson ikafungua duka lake yenyewe Eastcastle Street, mwendo wa kama robo saa kwa miguu, ambako mtengenezaji anamuuzia mpigaji moja kwa moja.

Maduka kadhaa ya gitaa bado yapo Denmark Street, na kampuni inayomiliki sehemu kubwa ya mtaa inasema inataka yabaki. Mojawapo liko jengo namba 4 na limechukua jina la studio ya zamani, Regent Sounds. Katika chumba kilekile cha trei za mayai gitaa zimepangwa kuanzia sakafuni hadi juu, na anayetaka kujaribu anaomba, anashushiwa moja, anavuta kiti.