Ekseli Hii Haikuja na Gari

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimelala chini ya Land Rover kuukuu kwa yadi moja hapa Nairobi, mchanga mgongoni, tochi ya simu mdomoni. Ni ile ndefu, ambayo kiwandani Uingereza iliitwa 109 kwa sababu kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni inchi 109. Nikapima. Nikapata 112. Nikahamia upande wa pili nikapima tena, maana tepu yangu niliinunua kwa barabara na siiamini sana. 112.

Inchi tatu si makosa ya tepu. Kuna mtu aliisogeza ekseli ya mbele. Na nilipofuta matope nikaona hata ekseli yenyewe si ya Land Rover, ni ya Nissan Patrol, ambayo ni pana na nzito zaidi. Propela ya mbele imekatwa ikaongezwa kipande. Fito la usukani limerefushwa. Mabano yanayoshika springi yamekatwa kutoka kwa bamba nene la chuma na kuchomelewa kwa mshono safi kabisa. Hii kazi ilifanywa na mtu aliyekuwa na akili zake, na jina lake halipo popote.

Sasa, watu wetu hupenda kusema Kenya hatujawahi kutengeneza gari. Ukibisha wanakutajia Nyayo Pioneer, kisha wanacheka. Mwaka wa 1986 Rais Moi aliuliza Chuo Kikuu cha Nairobi kama kinaweza kuunda gari, yakatengenezwa machache ya majaribio, yakaonyeshwa 1990, pesa zikakosekana, hadithi ikaisha. Juzi tu, Agosti 2024, Mobius nayo ikatangaza inafunga. Kwa hivyo hesabu ya wengi ni sifuri.

Mimi naona tunahesabu vibaya. Tunatafuta gari zima, lenye nembo mbele na rais akikata utepe. Huku Kenya, gari limekuwa likitengenezwa kutoka chini: ekseli, springi, mabano, chesisi. Na wanaolitengeneza hawakati utepe.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Springi ya mabapa, ile ya vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama chapati zilizopinda, ni ya zamani kuliko injini. Mwaka wa 1804 fundi wa magari ya farasi huko London, Obadiah Elliott, alipata hataza ya kutumia springi za namna hiyo kubeba mwili wa gari. Ukiangalia chini ya pikapu inayobeba mboga Wakulima asubuhi, nyuma pale, unaona wazo la Elliott bado linafanya kazi. Uzuri wake ni kwamba kitu kimoja kinafanya kazi mbili. Kinabeba uzito, na pia kinashika ekseli isikimbie mbele wala nyuma. Kikivunjika bapa moja, unabadilisha bapa moja.

Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, ilikuwa na springi hizo pembe zote nne na ekseli nzima mbele na nyuma. Lakini kuna kitu hawakufundishi. Gari la kwanza kabisa la majaribio ambalo Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover walitengeneza lilijengwa juu ya chesisi na ekseli za Jeep ya Wamarekani, iliyobaki baada ya vita. Injini wakaweka ya Rover. Yaani walichukua gari la wengine, wakalifungua, wakachanganya. Wilks akifanya hivyo tunaita uvumbuzi. Fundi wa Kariobangi akifanya hivyo tunaita kubahatisha. Ebu nieleze tofauti, ukiondoa pasipoti.

Kwa nini ekseli nzima, na hizi gari mpya nyingi zinaacha kila gurudumu lijitegemee? Chukua rula, ishike katikati kwa vidole viwili. Inua ncha moja, ile ingine inashuka. Ekseli nzima iko hivyo. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, lile la kulia linasukumwa chini kutafuta ardhi, na difu inabaki palepale juu ya mawe. Kwenye lami hiyo tabia ni mbaya, gari linayumba na kukuchosha. Kwenye mawe ni baraka. Mwaka wa 1970 Range Rover ikaja na mchanganyiko mpya: ekseli nzima bado, lakini juu ya springi za koili zenye mwendo mrefu, na mikono ya chuma ya kushika ekseli kwa sababu koili haiwezi kuishika. Ilichukua mpaka 1983 kwa Land Rover yenyewe kufuata. Wengi wanaojenga gari la porini leo wanachagua kati ya hizo njia mbili, mabapa ama koili, kisha wanaanza kukata.

Huku kwetu kukata hakukuanza kama hobi. Barabara ndiyo iliyolazimisha. Kabla ya lami kufika Moyale katikati ya miaka ya 2010, njia ya kutoka Isiolo kwenda kaskazini ilikuwa na yale mawimbi madogo ya murram, kama bati la nyumba. Ukipita hapo masaa manane, shokabzoba inapanda na kushuka mara nyingi hadi mafuta ndani yanachemka na kutoa povu, na povu haliwezi kuzuia kitu. Baada ya hapo springi inabeba kila pigo peke yake mpaka inakatika. Kiwanda cha Uingereza au Japani hakikuwa kimepanga gari la kubeba mbuzi arobaini, magunia na watu juu ya magunia kwa barabara kama hiyo. Mafundi ndio waliopanga. Wakaongeza mabapa kutoka kwa lori kubwa. Wakafunga springi kwa vipande vya mpira wa tyubu ili bapa lililokatika lisitoroke. Wakaimarisha chesisi pale inapopasukia kila mara.

Walijifunza wapi? Mtafiti mmoja, Kenneth King, aliandika kitabu mwaka wa 1977, The African Artisan, na alifuatilia jambo hili: vijana Waafrika walioajiriwa kwa karakana za Wahindi, kushika spana na kufagia, wakajifunza kwa macho, kisha wakatoka na kuanza zao nje, kwa jua. Na wale Wahindi wenyewe walikuwa na historia yao ya mikono. Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally 1965 kwa Volvo, halafu 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, alizaliwa Kericho na alikuwa makanika kabla ya kuwa bingwa. Picha zake akiendesha ziko kila mahali. Picha za mikono iliyokuwa chini ya hizo gari usiku, bahati yako ukiipata moja.

Kisha 1989 ikaja Rhino Charge. Kama huijui, ni shindano la kuchangisha pesa za uhifadhi, na pesa hizo ndizo zilisaidia kujenga ua wa umeme kuzunguka Aberdare, karibu kilomita 400, uliokamilika 2009. Kanuni zake ni za ajabu: unapewa vituo 13 porini na masaa 10, na anayeshinda ni aliyefika vyote kwa umbali mfupi zaidi. Si kasi. Kwa hivyo ukikutana na korongo, anayezunguka anapoteza na anayeshuka moja kwa moja anashinda. Ukimpa mtu kanuni kama hiyo, lazima ataanza kusogeza ekseli.

Ndiyo maana ya zile inchi tatu. Ukisukuma ekseli mbele, gurudumu kubwa halikwaruzi tena bodi nyuma yake, na pua ya gari haigongi ukuta wa korongo kabla ya tairi kuugusa. Lakini kila inchi ina deni. Propela haifiki tena, unairefusha. Usukani haufiki, unaurefusha. Ukiinua gari kwa kurefusha shakeli, ekseli inazunguka kidogo, na ile pembe ya kasta inaweza kupotea. Hiyo ndiyo inayofanya usukani ujirudishe katikati, kama uma wa baiskeli ulioinama nyuma kidogo. Ikipotea, gari linatangatanga barabarani kama mlevi, na siku ingine magurudumu ya mbele yanaanza kutetemeka ukiwa kilomita themanini kwa saa.

Haya niliyajua lini? Nilisoma uhandisi wa mitambo mihula mitatu kabla karo inishinde. Nilifundishwa fomula ya springi na nikaifanya kwa mtihani nikapita. Springi yenyewe sikuigusa. Mzee mwenye hii yadi ndiye aliyenichorea kasta kwa chaki sakafuni, akanionyesha kwa nini unachomelea bomba la ekseli sentimita chache upande huu, kisha unahamia upande ule, kisha unangoja lipoe: ukienda mfululizo, joto linalipinda kama ndizi. Anapima kwa uzi. Amefunga uzi ncha moja hadi ingine na anajua kama limepinda kwa milimita mbili.

Na sitaki mfikirie nasifu tu kila mtu mwenye mashine ya kuchomelea. Binamu yangu ako na chuma kwa paja hadi leo. Alitaka pikapu yake iwe juu kama za kwa picha. Fundi fulani akamwekea vipande vya chuma, kimoja juu ya kingine, kati ya springi za mbele na ekseli. Shilingi elfu nne, saa mbili, kazi kwisha. Shida ni kwamba ukifunga breki, ekseli ya mbele inataka kujizungusha, na vile vipande vinakuwa kama mtaimbo unaoisaidia. Kwenye mteremko wa barabara ya Magadi akakanyaga breki, yubolti zikalegea, kipande kikachomoka, gurudumu likarudi nyuma. Alitoka hai. Nilipomuuliza Mzee, hakumlaumu hata yule fundi kwa sauti. Alisema tu, “Kijana, huyo hakuwa na mtu wa kumwambia. Mimi nilikuwa naye.” Pia kuna wanaochomelea bapa la springi lililokatika. Joto linaua ile nguvu ya kurudi iliyotiwa kiwandani, bapa linaonekana zima, linakatika tena kando ya mshono. Mzee akiona hiyo anaitupa bila kukuuliza.

“Mimi nilikuwa naye.” Hapo ndipo mimi hukwama. Hakuna michoro. Hakuna daftari. Maarifa yote ya miaka hamsini yanapita kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, na mahali mnyororo umekatika, mtu anavunjika paja. Ushahidi uliobaki ni magari yenyewe, na magari yanauzwa kwa kilo. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya chuma chakavu Januari 2022, kabla ya kuiruhusu tena Mei, nilisikia watu wengi wakilalamika, na walikuwa na haki, njaa ni njaa. Lakini kuna yadi zilizopumua hiyo miezi. Hii Land Rover ilikuwa imeshapangiwa kukatwa wakati ule.

Turudi chini yake. Nilipomaliza kufuta bano la kushoto nikaona vitobo vidogo vya kugongwa kwa sindano ya chuma. Herufi mbili na namba: J.M. 94. Nikamwita Mzee. Akainama polepole, magoti hayamtaki tena, akaweka miwani, akapitisha kidole juu ya zile herufi. Akakaa hapo.

“Ni kazi ya mwalimu wangu,” akasema. “Nilikuwa nimeshika ncha ile ingine ya uzi.”

Nikamuuliza kwa nini inchi tatu, si mbili, si nne. Akanieleza. Mbili hazikutosha kwa tairi walilotaka. Nne, bano lingekaa pale chesisi inapoanza kupinda, na walijaribu hivyo kwa gari lingine likapasuka. Nimeandika hayo yote, na urefu wa propela, na unene wa bamba, milimita nane, na pembe ya kasta kadiri tulivyoweza kuipima kwa programu ya simu. Nimechora pia, vibaya, lakini vipimo viko sawa.

Jumatatu wenye mashine ya kukata walikuja. Mwenye gari ameshalipwa, hakukuwa na la kujadili. Niliomba lile bano la kushoto. Jamaa wa mzani akalitupa juu, akasoma kilo saba na nusu, na nikalipa bei ya skrapu.