Uhuru, wavu wa Garsen na kosa langu la nishati

Siku nyingi sijaandika hapa, kazi za watu zimenibana. Leo nawaletea kisa cha historia, na kimeanza na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa Garsen kwa mjomba wangu, ambaye huvua samaki Mto Tana. Nilikuwa nimeahidi kuzungumza na vijana wa kidato cha nne juu ya setilaiti ya Uhuru. Wengi hawajui kwamba ilirushwa jirani kabisa. Mto Tana unaingia baharini Kipini, katika ghuba ya Ungwana. Upande wa kusini wa ghuba hiyo hiyo, karibu na Ras Ngomeni, limesimama baharini jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Marekani aina ya Scout iliondoka hapo na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza nyota kwa eksirei tu. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Marjorie Townsend wa NASA ndiye aliyesimamia mradi, na Riccardo Giacconi aliongoza wanasayansi. Mwaka 2002 Giacconi alipata Tuzo ya Nobel.

Kwa nini waje hadi huku? Kwanza, mzunguko wa dunia karibu na ikweta huipa roketi msukumo wa bure. Pili, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe za mionzi zinazonaswa na usumaku wa dunia. Chembe hizo zikigonga chombo huhesabiwa kama kelele. Kwa hiyo mahali petu palisaidia vipimo kuwa safi.

Sasa kosa langu. Nilitaka kuwaonyesha vijana jinsi chombo cha Uhuru kilivyofanya kazi, nikaandika programu ndogo ya Monte Carlo. Ni mbinu iliyozaliwa Los Alamos miaka ya 1940 kwa kazi ya Ulam na von Neumann: unarusha chembe mojamoja ndani ya kompyuta, na namba nasibu zinaamua kila moja itapita, itanyonywa au itageuka njia. Kabla ya kurusha, lazima uiambie programu chembe zinatoka na nishati gani. Huo ndio wigo wa nishati wa chanzo. Chombo cha Uhuru kilipima kati ya keV 2 na 20, nami kwa uvivu nikachukua katikati: kila fotoni nikaipa keV 11. Programu ikakimbia bila kulalamika, na grafu ikapendeza.

Jioni mjomba alivuta wavu, nikaona kambare wakubwa watupu. Nikasema, "Mjomba, mto huu una samaki wakubwa!" Akacheka. "Mwanangu, hayo ni maneno ya wavu. Wadogo wamepita kwenye macho yake."

Usiku sikulala vizuri. Chombo cha Uhuru nacho kilikuwa wavu. Kilikuwa na dirisha jembamba la beriliamu na ndani yake gesi ya agoni. Fotoni dhaifu hunyonywa dirishani kabla ya kufika kwenye gesi, na zenye nguvu sana hupenya gesi bila kuhesabiwa. Tena tofauti si ndogo: ukipunguza nishati kwa nusu, unyonyaji huongezeka takriban mara 8.

Chukua Nebula ya Kaa, chanzo maarufu cha eksirei. Wigo wake hushuka karibu kwa kanuni ya moja juu ya nishati kipeo cha pili. Kuuweka katika programu ni mstari mmoja tu. Chagua namba nasibu u kati ya 0 na 1, kisha:

nishati = 1 ÷ (0.5 − 0.45 × u)

Jaribu mwenyewe. u ikiwa 0 unapata keV 2, ikiwa 1 unapata 20. Ikiwa 0.5 unapata 3.64 hivi, yaani nusu ya fotoni ziko chini ya hapo. Na fotoni 91 kati ya 100 ziko chini ya zile keV 11 nilizozipa zote! Nilikuwa nimeumba nyota isiyokuwepo.

Watu wa Uhuru walilijua jambo hili. Setilaiti ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya nne, ya mwaka 1978, ina vyanzo 339. Lakini kilichohesabiwa ni migongano kwa sekunde. Ili kuigeuza kuwa nishati halisi iliyofika, ilibidi kuchukulia umbo la wigo, na kipimo kinachotumika hutajwa pamoja na sharti lake: wigo uwe kama wa Kaa. Chanzo cha gesi ya moto, ambacho wigo wake hukatika haraka upande wa juu, kinaweza kutoa hesabu ile ile na nishati tofauti. Hesabu moja, nyota mbili.

Asubuhi nilirekebisha programu nikaenda shuleni. Niliwaonyesha vijana grafu zote mbili, ya uongo na ya kweli, nikawauliza ipi ni ipi. Wengi walichagua ile ya uongo, kwa sababu ilikuwa nzuri zaidi. Nikawaeleza habari ya wavu, na darasa la watoto wa Tana halikuhitaji maelezo ya pili.

Basi, ukiandika programu ya mionzi, iwe ya hospitali au ya anga, kompyuta haitakuuliza wigo umeutoa wapi. Jiulize wewe.

Tuonane tena panapo majaliwa.